Mtoto wa Mzio, Ndege na Uji wa Bibi

Desemba imeshabisha hodi, na hapa Moshi hatuhitaji kalenda kutuambia. Magari yenye vumbi la Chalinze yanapandisha kuelekea Marangu, Kibosho na Rombo, bei ya mbuzi haishikiki, na usiku pale uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ndugu wamejipanga nje ya mlango wa wanaowasili, wanangoja watu wao wa Ujerumani, wa Uingereza, wa Marekani. Leo nataka tuzungumze kuhusu mmoja wa wageni hao. Ni mtoto wa miaka sita hivi. Kifuani amevaa kibegi chekundu, na mama yake hataki kibebwe na mtu mwingine, hata mjomba aliyekuja kupokea mizigo.

Ndani ya kibegi kile mna sindano mbili zilizotengenezwa kama kalamu nene, kila moja ikiwa na dozi yake ya adrenalini tayari. Mna barua ya daktari yenye muhuri, na karatasi yenye picha ya mtoto na onyo fupi: asipewe karanga, hata punje. Mtoto huyu akila karanga midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka, anatapika, koo linabana, presha inaanguka, na asipohudumiwa upesi anaweza kufa palepale mezani. Huo ndio mzio wa chakula, au aleji kama tunavyosema mtaani, katika sura yake kali kabisa.

Najua tunavyosema tukisikia habari kama hizi. "Hao watoto wa Ulaya bwana." "Sisi tumekuzwa na karanga, mbona tupo?" Shangazi mmoja ninayemheshimu sana aliniambia dawa yake ni kumzoesha mtoto kidogo kidogo, mama yake akiwa hajui.

Shikamoo shangazi, lakini hilo limeshajaribiwa, na waliojaribu walikuwa maprofesa. Mwaka 1901 Mfaransa Charles Richet na mwenzake Paul Portier walisafiri baharini katika merikebu ya Mwanamfalme Albert wa Kwanza wa Monaco wakichunguza sumu za viumbe wa baharini. Waliporudi Paris walichoma mbwa sumu kidogo, wakitumaini mwili utaizoea na kujikinga. Mbwa walionusurika mara ya kwanza, walipochomwa tena baada ya wiki kadhaa kwa kipimo kidogo zaidi, walikufa baada ya dakika chache tu. Mwili ulikuwa umejifunza kumtambua adui, na ukampiga kwa nguvu zilizomuua mwenye mwili. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Ni kweli siku hizi ipo tiba ya kumzoesha mtoto kwa vipimo vya unga wa karanga, na Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo mwaka 2020, lakini kipimo cha kwanza hutolewa mbele ya daktari, adrenalini ikiwa pembeni. Hakitolewi jikoni kwa siri.

Na shangazi ana haki yake mahali pengine. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio. Waliolishwa vyakula vya karanga mapema, kabla hawajafikisha mwaka, walipata mzio huo wachache mno kuliko waliokatazwa, upungufu wa takriban asilimia 80. Kwa hiyo wazazi wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakishauriwa kuwanyima watoto karanga hadi miaka mitatu walishauriwa vibaya. Sisi tunawaanzishia watoto uji wenye karanga wakiwa na miezi sita, na mimi sishangai kwamba mzio huu hatujauona sana vijijini kwetu. Ila jambo hilo linamhusu mtoto ambaye bado hajapata mzio. Aliyekwisha kuupata hayumo.

Turudi kwa mtoto wetu na ndege iliyomleta. Wazazi wengi wenye watoto hawa huiogopa ndege kuliko kitu kingine chochote, na hofu yao inaeleweka. Mmefungiwa ndani na watu mia mbili na zaidi, chini ni Sahara, na abiria wa kiti cha nyuma anapasua pakiti ya karanga. Ukipiga kelele, nani aje? Mwaka 2024 madaktari wa Uingereza walichapisha mapitio ya tafiti waliyokuwa wameombwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Waliona kwamba wenye mzio wa chakula hushambuliwa wakiwa angani mara chache kuliko wakiwa nchi kavu, kati ya mara 10 na mara 100 pungufu, na hawakupata ushahidi kwamba vumbi la karanga husambazwa na mitambo ya hewa ya ndege. Hewa ya ndani huingilia juu na kutokea chini sakafuni karibu na safu ileile, kisha hupitia machujio makali kabla haijarudishwa. Nadhani kuna sababu nyingine ambayo kila mama anaijua: siku ya safari mtoto hali kitu ambacho hakikutoka kwenye mfuko wa mama.

Hatari ya ndani ya ndege iko mikononi. Iko kwenye kimeza alichokilia abiria wa safari iliyopita, kwenye mikono ya kiti, kwenye kioo ambacho mtoto anakigusa halafu anajilamba kidole. Dawa yake ni kufuta kabla hujakaa. Na hapa nisikilizeni: sanitaiza haiondoi karanga mkononi, inazisambaza tu. Sabuni na maji huondoa, na vitambaa vile vyenye unyevu vya kufutia watoto huondoa.

Kisa ambacho kila mzazi wa namna hii anakijua ni cha Natasha Ednan-Laperouse, binti wa Kiingereza wa miaka 15. Tarehe 17 Julai 2016 alisafiri na baba yake na rafiki yake kutoka Heathrow, London, kwenda Nice, Ufaransa. Alikuwa na mzio wa ufuta. Uwanjani alinunua mkate wenye zeituni kwenye duka la Pret A Manger, akasoma karatasi ya nje, hakuona neno ufuta. Ufuta ulikuwa ndani ya unga wa mkate wenyewe, umeokewa humo, hauonekani kwa macho, na sheria ya wakati ule haikulilazimisha duka kuuandika kwa sababu chakula kilitayarishwa humohumo dukani. Ndege ikiwa angani alianza kubanwa. Baba yake alimchoma kalamu ya kwanza, kisha ya pili. Natasha alifariki siku hiyohiyo hospitalini Nice. Wazazi wake walipigana mpaka Uingereza ikabadilisha sheria, na tangu tarehe 1 Oktoba 2021 chakula kinachofungashwa dukani hapohapo lazima kiorodheshe kila kilichomo. Watu wanakumbuka kwamba msichana alikufa kwa sababu ya safari ya ndege. Mimi nakumbuka kwamba mkate ulinunuliwa chini.

Sasa tuje kwenye ndege zetu. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, una kiambatisho kinachoeleza vifaa vinavyotakiwa ndani ya ndege. Kwa kiwango hicho, sanduku la dawa za dharura la kutumiwa na daktari, lile ambalo orodha yake ina adrenalini, linatakiwa kwenye ndege inayobeba abiria zaidi ya 100 kwa safari ya zaidi ya saa mbili. Ndege ya familia yetu iliyotoka Amsterdam moja kwa moja hadi KIA inalo. Lakini familia ile ikimaliza Krismasi na kutaka kwenda Dar kumsalimu bibi wa upande wa pili, itapanda ndege ya panga boi yenye viti 70 hivi, safari ya saa moja na ushee. Kiwango cha kimataifa hakiilazimishi ndege hiyo kuwa na sanduku hilo. Inatakiwa iwe na sanduku la huduma ya kwanza, mambo ya bandeji na plasta. Na humo humo mara nyingi utagawiwa kifuko cha korosho au karanga na soda.

Sisemi mashirika yetu yanavunja sheria. Nasema sheria imeacha pengo, na kichupa cha adrenalini na bomba la sindano havihitaji sheria ya kimataifa ili viwekwe ndani ya ndege. Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga inaweza kuamua kesho. Shirika la Southwest la Marekani liliacha kugawa karanga tarehe 1 Agosti 2018, baada ya miaka mingi ya kuzifanya alama yake, na abiria hawakulikimbia. Korosho zetu zinaweza kuuzwa mahali pengine, tena nyingi.

Mpaka hapo uamuzi huo utakapofanywa, mzazi ajitegemee. Kalamu zote mbili ziwe ndani ya mfuko wa mkononi, chini ya kiti cha mbele, zisiwekwe kwenye begi la juu na kamwe zisiende na mizigo tumboni mwa ndege, maana adrenalini haitaki baridi kali wala joto kali. Dawa haihesabiwi kwenye ule ukomo wa mililita 100 za vimiminika, lakini beba barua ya daktari, yenye jina la mtoto sawasawa na pasipoti, usije ukabishana na mkaguzi mbele ya foleni. Mwarifu mhudumu wa ndege mapema, kwa upole, na umwambie abiria wa jirani pia. Watu wengi wakiombwa vizuri huacha kula karanga zao. Hata hivyo chakula cha mtoto kitoke nyumbani, hata kama shirika limekuahidi sahani yake maalumu.

Na asiyekuwa na nauli ya ndege? Huyo atapanda basi, na basi la Moshi kwenda Dar kwa suala hili ni kazi ngumu kuliko ndege yoyote. Himo, Same, Mombo, Korogwe, kila linaposimama wanakimbilia dirishani wenye karanga, korosho na kashata. Maganda yanamwagwa sakafuni, kondakta anapokea nauli kwa vidole vyenye chumvi ya karanga, na hakuna wa kumwomba afute kiti. Ni mwendo wa mchana kutwa. Mama anayesafiri hivyo na mtoto wa namna hii anastahili kiti cha dirishani mbele, na dirisha lenyewe lifungwe linaposimama.

Lakini nilisema nimewaletea habari za mgeni wa mlimani, kwa hiyo tumfikishe. Gari limetoka KIA, limepita Bomang'ombe na Kwa Sadala, limevuka mji, limepanda. Bibi yuko mlangoni. Tangu asubuhi ameandaa. Na hapo ndipo hatari yenyewe inapoanza, maana bibi anampenda mjukuu kuliko anavyoiogopa karanga.

Tuanze na uji wa lishe. Unga wake kwetu ni mahindi, ulezi, mtama, mchele, soya na karanga, kila mtu na mchanganyiko wake, na katika pakiti nyingi za sokoni pameandikwa "unga wa lishe" na namba ya simu, basi. Bibi akiwa mwangalifu atasema, nitamsagia mjukuu ulezi mtupu. Nenda basi mashineni ukaone. Siku moja nilisimama pale Mbuyuni nyuma ya mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya ulezi. Akamuuliza kijana wa mashine, "Mwanangu, kabla yangu umesaga nini?" Kijana akajibu, "Karanga za mama wa Majengo, lakini nimepangusa, mama." Alikuwa amepangusa kweli, kwa kitambaa kilekile. Mdomo wa mashine ulikuwa na utando wa rangi ya kahawia, unang'aa mafuta, na unga wa kwanza wa yule mama ulitoka na harufu ya karanga mbichi. Kwa mimi na wewe hiyo ni harufu nzuri. Kwa mtoto wa kibegi, vijiko viwili vya uji huo vinatosha.

Ndiyo maana mkwe anapomwambia mama mkwe, "Mama, naomba asipewe kitu kabla sijakiona," asionekane anamdharau. Najua inavyouma. Kukataa chakula cha mwenye nyumba huku kwetu ni maneno mazito kuliko matusi. Bibi atauliza, "Sasa mjukuu wangu atakula nini?" Na jibu ni la kufurahisha: atakula chakula cha Kichaga. Mtori hauna karanga. Machalari hayana karanga. Ngararimo, ndizi za kuchoma, mbuzi wa Krismasi, maziwa ya ng'ombe wa zizini, hivyo vyote havina, iwapo sufuria na mwiko ni safi. Vinavyotutega ni vitu tulivyovipokea baadaye: mchicha wa karanga, kisamvu cha nazi na karanga, kashata alizokuja nazo jirani, biskuti za dukani zisizo na maelezo. (Na kabla hamjanitumia ujumbe: ndiyo, tuna Mto Karanga, tuna Gereza la Karanga, na kule juu mlimani tuna kambi ya Karanga. Hizo hazimdhuru mtoto.)

Nikitaja mlima, waongozaji na wapishi wa mlimani suala hili wanalijua vizuri, kwa sababu mzungu mwenye mzio huandika kabla hajapanda. Karanga na siagi yake ni chakula cha njiani cha kawaida kule juu, kwani ni vyepesi kubeba na vina nguvu. Mgeni akidhurika katika mita 4,000, njia ni machela ya gurudumu moja au helikopta kama hali ya hewa imekubali. Mpishi mmoja wa njia ya Machame aliniambia mgeni wa namna hiyo akiwepo, karanga hazipandi kabisa, hata za wapagazi. Huyo hakusubiri sheria.

Sasa kama imetokea. Watu wetu hukimbilia maziwa, kisha piritoni. Maziwa hayasaidii. Piritoni hupunguza muwasho wa ngozi lakini haifungui koo wala haipandishi presha. Kinachomwokoa mtu ni adrenalini, na inatakiwa mapema. Kalamu inachomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, asisimamishwe wala kutembezwa. Kama anapumua kwa shida sana aachwe akae, kama anatapika alazwe ubavu. Dakika tano zikipita bila nafuu, achomwe ya pili. Kisha hospitali, hata kama amechangamka na anaomba simu achezee, maana shambulio linaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kalamu hizo hutazikuta duka la dawa la mtaani. Lakini adrenalini yenyewe, kichupa cha miligramu moja katika mililita moja, ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtoto wa kilo 20 anahitaji sehemu ya tano tu ya kichupa hicho. Katika nchi zisizo na kalamu wapo madaktari wanaowafundisha wazazi kutumia kichupa na bomba la sindano, na mzazi wa Moshi anaweza kumwomba daktari wa watoto amfundishe hivyo. Hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule wa KIA, ipo hapa mjini, na pale pale tangu 1992 kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi wa ukanda wetu. Hospitali ya Mawenzi ipo. Mlimani kuna hospitali za Kibosho, Machame, Kilema na Marangu, na Rombo kuna Huruma. Utaalamu tunao. Ila mtoto aliyekula karanga kijijini saa mbili usiku wa Krismasi, mvua inanyesha na gari la mjomba limezibwa na magari mengine sita, hataifikia KCMC kwa wakati. Ataifikia zahanati ya kijiji.

Kwa hiyo ombi langu kwenu si kubwa. Wenye mashine za kusaga, tengeni mashine moja isiyoguswa na karanga, na wauza unga wa lishe andikeni kilichomo, neno kwa neno. Bibi, usimwonjeshe mtoto kitu bila mama yake. Na wewe msikilizaji, kesho pita kwenye zahanati ya kijiji chako, amkia, uliza maswali mawili: adrenalini ipo, na usiku nani anajua kuichoma? Ukijibiwa kwamba haipo, mfikishie mwenyekiti wa kijiji jibu hilo kabla wageni hawajafika.